Mpiga Tuba na Zamu Yake



Jioni hii tumekusudia kuzungumza nanyi habari za mtu ambaye wengi hawamwangalii, ingawa chombo chake ni kikubwa kuliko vyote vya shaba katika okestra. Mtu huyo ni mpiga tuba. Hatutasema juu ya nyimbo ndefu, maana hanazo nyingi. Tutasema juu ya zamu zake fupi, ambazo pengine hazitimizi hata dakika moja, na juu ya hayo ndizo zinazomtia hofu na furaha kuliko nyingine.

Mliopata kuona bendi ya askari ikipita njiani mmemwona yule aliyekumbatia chombo kinene, kinywa chake kikielekea juu, sauti ikitoka chini kabisa kama ngurumo ya mbali. Hiyo ndiyo tuba. Ni bomba la shaba lililokunjwa-kunjwa. Katika tuba zilizo kubwa zaidi, bomba hilo likinyoshwa hupata kama futi 18. Ilibuniwa Berlin mwaka 1835 na Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz. Kwa kuwa ilizaliwa nyuma sana ya fidla na tarumbeta, ilikuta Mozart na Beethoven wamekwisha kufa, wala hawakuiandikia hata sauti moja. Basi katika okestra tuba ni mgeni aliyechelewa karamuni: hukaa mahali alipopewa, na hula akikaribishwa.

Tuanze na zamu iliyo fupi kuliko zote. Antonín Dvořák, mtu wa Bohemia, alitunga simfonia yake ya tisa alipokuwa akikaa Marekani, akaiita "Kutoka Dunia Mpya". Ilipigwa mara ya kwanza New York, katika Carnegie Hall, mwezi wa Desemba 1893. Simfonia hiyo ina sehemu 4, na huchukua dakika 40 hivi. Katika dakika zote hizo tuba imeandikiwa sauti 14 tu. Sehemu ya kwanza yote hupita, na mpigaji amekaa kimya. Sehemu ya pili yafunguka kwa sauti za polepole, nzito, kama pazia linalofunguliwa. Hapo tuba hulia mara 7. Kisha zumari yenye sauti ya majonzi hushika wimbo ambao watu huutoka nao wakiuimba, na tuba hunyamaza. Karibu na mwisho wa sehemu hiyo zile sauti nzito hurudi, nayo tuba hulia mara 7 tena. Basi, kazi imekwisha. Sehemu ya tatu na ya nne mpigaji husikiliza kama ninyi mnavyosikiliza.

Pengine mmoja wenu atauliza: je, mtu huyu hali mshahara wa bure? Tena atazidi kuuliza akiambiwa kwamba sauti hizo 14 mpiga tromboni wa tatu naye anazipiga. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa mfano wa jahazi. Farumi iliyomo chini ya jahazi haionekani, wala haisukumi chombo. Tanga ndilo linalosifiwa. Lakini iondoe farumi, utaona jahazi linavyolala ubavu upepo ukizidi. Tromboni ina makali. Sauti yake hukata. Tuba haina makali. Hutandaza chini ya wenzake sauti pana, ambayo juu yake wote husimama. Msikilizaji hasemi, "Nimesikia tuba." Husema tu kwamba sauti zile zilimgusa kifuani.

Sasa fikirini kazi yenyewe ilivyo. Shaba ikikaa bila kupulizwa hupoa, na hewa iliyo ndani ikipoa sauti hushuka chini ya ile inayotakiwa. Kwa hiyo mpigaji hupeleka pumzi yake ya moto ndani ya bomba polepole, pasipo sauti, ili lipate joto kabla ya zamu. Midomo nayo hukauka kwa kungoja. Tena hana budi kuhesabu, maana kiongozi ana watu wengi wa kuwaangalia. Mpiga fidla akikosea mwanzoni, ana dakika 40 za kujirudi. Mwenye tuba ana sauti 7. Ikichelewa moja, au ikipasuka, hapana ya kuifunika, na watu wataondoka na kosa hilo masikioni. Ndiyo maana twasema ya kwamba uchache wa kazi hauipunguzi kazi. Huenda ukaizidishia uzito.

Mwaka huohuo wa 1893, mwezi wa Oktoba, katika mji wa St Petersburg, Tchaikovsky aliongoza mwenyewe simfonia yake ya sita. Humo tuba ina kazi zaidi, lakini sisi twawaomba mngoje karibu na mwisho kabisa. Kelele zote hutulia. Upatu mkubwa hugongwa mara moja, taratibu sana. Kisha tromboni 3 na tuba, wao peke yao, hupiga sauti chache za chini, kama watu wanne waliosimama kando ya kaburi wakisemezana kwa kunong'ona. Kuinguruma tuba si kazi ngumu sana; kuinong'onesha ndiko kunakompima mtu. Siku 9 baada ya kuiongoza simfonia hiyo, Tchaikovsky alifariki.

Wala msidhani kwamba zamu za tuba ni za huzuni tu. Mwaka 1911 Stravinsky alitoa Paris mchezo wa ngoma uitwao Petrushka, na ndani yake mna sokoni, siku ya sikukuu. Huingia mkulima akipuliza filimbi, naye afuatwa na dubu anayetembea kwa miguu ya nyuma. Filimbi ni klarineti zinazolia kwa ukali. Dubu ni tuba. Dubu hupita, watu hucheka, naye hutoweka. Lakini mwenye kupiga hacheki, maana sauti zile zapanda juu kuliko mazoea ya chombo chake.

Nao Ravel, mwaka 1922, alizigeuza kuwa za okestra picha za Mussorgsky, zilizotungwa kwa piano mwaka 1874. Picha moja ni ya gari la Kipolandi la kukokotwa na ng'ombe. Tuba huanza taratibu, gari lingali mbali. Hukaribia, ardhi ikatetemeka. Kisha hupita, likafifia. Hapo napo mpigaji hupandishwa juu sana, hata wengi huiweka chini tuba kubwa na kutwaa chombo kidogo zaidi. Katika mwendo huo mfupi mzigo wote wa gari u juu ya pumzi ya mtu mmoja.

Mwisho tuba ilipewa karamu yake yenyewe. Mwaka 1954 Mwingereza Vaughan Williams, mzee wa miaka 81, aliitungia kazi nzima, tuba mbele na okestra ikimfuata. Ilikuwa heshima iliyostahili. Walakini haikuzifuta zile sauti 14 za nyuma.

Wazee wa Pate na Lamu walikuwa na siwa, moja ya pembe na moja ya shaba. Siwa haikupulizwa kila siku kuitia watu sokoni. Ilingoja harusi kubwa au kutawazwa kwa mkuu, na ilipolia kila mtu alijua kwamba jambo limetimia. Mpiga tuba angaliwaelewa wazee wale.

Basi mtakapoisikiliza simfonia ya Dvořák, msiangalie tanga peke yake. Mwanzoni mwa sehemu ya pili hesabuni pamoja na yule aliyeketi nyuma: moja, mbili, hata saba. Kisha nyamazeni naye, mngoje zamu yake ya pili.

Kwaherini.