HESABU ZA GHALA LA DAWA
(Hotuba kwa wanachama, Mukumu)



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya hesabu za miezi mitatu mitatu za KEMSA, ghala kuu la dawa la Serikali. Mtauliza, hesabu za Nairobi zatuhusu nini? Zatuhusu. Tangu Oktoba 1, 2024, kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya. Akifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, nenda dukani, huyo amelipa mara mbili.

Hospitali za misheni, kama hii yetu ya Mukumu, zina ghala lao, MEDS, ambalo makanisa yalilianzisha mwaka 1986. Lakini zahanati za kaunti hutazamia KEMSA. KEMSA hununua dawa, huzipeleka, kisha hungoja kaunti ilipe ili inunue nyingine. Fedha hizo ni mbegu.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika hesabu, mauzo huandikwa siku mali inapopokewa, si siku inapolipiwa. Dawa za shilingi 100 zikipelekwa Agosti, hesabu ya Septemba yaonyesha mauzo ya 100, hata kama sandukuni hamna senti. Kwa hiyo msifurahi mkisikia mauzo yamepanda. Ulizeni kilicholipwa.

Wala faida haiwezi kuziba pengo hilo. McKesson ya Marekani, moja ya kampuni kubwa kabisa duniani katika kazi hii, iliuza mali ya dola bilioni 359 katika mwaka uliokwisha Machi 2025. Faida yake haikufika dola 1 katika kila dola 100. Biashara ya namna hiyo huishi kwa fedha kuzunguka upesi. Mdeni mmoja mkubwa akichelewa, rafu huwa tupu.

Hatusemi wadeni peke yao ndio wenye makosa. Mwaka 2020 KEMSA ilinunua vifaa vya Korona vya shilingi bilioni 7.8, na Mkaguzi Mkuu akakuta sehemu kubwa imelala ghalani bila mnunuzi. Vitabuni hiyo ni mali. Kwa mgonjwa wa malaria si kitu.

Kaunti nazo huchelewa kwa kuwa Hazina ya Taifa huchelewa kuzipelekea mgao wao. Hilo ni kweli, lakini lisiwe pazia la kuficha kila kitu.

Sheria ya fedha za umma ya 2012 yaitaka kaunti itangaze hesabu zake katika mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka. Robo hizo huisha Septemba, Desemba, Machi na Juni. Twawaomba wajumbe wa matawi waende Kakamega waitake ripoti hiyo, na waulize maneno mawili tu: KEMSA yatudai kiasi gani, na tangu lini? Jibu litasomwa hapa katika mkutano ujao.