MUHALI NDIO UNAOUA KESI
Maneno tuliyowaambia wananchi wa Fumba

Tumeombwa tuseme khabari ya sheria za kupiga na kujeruhi, na khasa kipigo cha ndani ya nyumba. Tutasema waziwazi, kwani jambo hili limefunikwa kawa vya kutosha.

Wapo wanaosema dawa ni serikali kukaza adhabu. Basi tuiangalie khabari yenyewe. Mwingereza alitutungia Sheria ya Adhabu ya mwaka 1934. Sheria hiyo ikadumu miaka 70, na 40 katika hiyo ni baada ya bendera yake kushushwa. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi liliifuta likatunga Sheria namba 6, na mwaka 2018 likaifuta na hiyo likatunga nyengine, nayo pia namba 6, yenye meno makali zaidi. Sheria ya ushahidi ya mwaka 1917 iliondoka mwaka 2016. Mwaka 2021 zikawekwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Ndugu zetu wa Bara nao walikaza mapema, kwani tangu mwaka 1998 sheria yao humpa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30.

Wala tusisahau kuwa ukali wa sheria si lazima uwe haki. Sheria namba 4 ya mwaka 1985 ya visiwa hivi hivi ilimtia jela, hata miaka 2, mwanamke asiyekuwa na mume akionekana ana mimba. Ati jina lake ilikuwa sheria ya kuwalinda! Ilifutwa mwaka 2005.

Basi sheria tunazo. Sasa tuulizane, mbona kipigo kipo?

Mume amemvunja mkewe mkono. Kelele zimesikika nyumba saba. Asubuhi mama mkwe anakuja, shangazi anakuja, wanakaa na wazee. Kijana analaumiwa kidogo, mke ananunuliwa doti mbili za kanga, fatha inasomwa, watu wanakunywa kahawa na kutawanyika. Yule mke akithubutu kwenda polisi, huambiwa anataka kumfunga baba wa watoto wake. Jirani akiitwa kutoa ushahidi, hakuona wala hakusikia, kwani mpigaji ni mtoto wa ami yake. Huo ndio muhali, na mahakamani wameupa jina lake, rushwa muhali. Haitolewi hata senti moja, lakini kesi inakufa kama iliyonunuliwa.

Na hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaopiga kelele za miaka tu. Adhabu ikizidi kuwa nzito juu ya karatasi, muhali nao huzidi kuwa mzito. Shangazi ambaye angesema kweli kama kijana atakaa ndani miezi mitatu, atakula kiapo cha uongo akisikia ni miaka saba. Hakimu hahukumu kwa fununu. Asipopata shahidi atamwachia, na mpigaji atarudi kijijini akijua sasa ya kuwa sheria haimgusi. Kesi moja iliyosikilizwa na kumalizika, hata kwa kifungo kidogo, ina khofu kubwa kuliko miaka 30 isiyomfika mtu.

Hatusemi kuwa sulhu ni kitu kibaya. Wazee na wasuluhishe ugomvi wa posho, wa wakwe, wa mume aliyekwenda dago asilete kitu. Lakini mfupa uliovunjwa si ugomvi. Hilo ni kosa la jinai, na mwenye kushitaki ni serikali, hata familia zikisameheana mara kumi. Wala mtu asijifiche nyuma ya dini, kwani Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake.

Wengine huchanganya milango miwili. Kadhi ana mambo ya ndoa, talaka, matunzo na watoto. Kumhukumu mtu kwa kosa la kupiga si kazi yake. Mke aweza kwenda kwa Kadhi kutaka kuachwa, na siku hiyo hiyo akenda polisi kwa ajili ya mkono wake. Mlango mmoja haufungi mwengine. Achukue fomu namba tatu ya polisi, aende nayo hospitali kabla jeraha halijapoa, kwani maandishi ya daktari hayana muhali. Mnazi Mmoja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono tangu mwaka 2011, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Asiye na nauli ya kwenda mjini amwendee msaidizi wa sheria aliye karibu naye.

Limebaki moja, nalo tumelisikia kwa kinamama wenyewe wa mwani na chaza. Husema: sitaki afungwe, nani atalisha watoto? Nataka aache tu. Maneno haya si ujinga, ni hisabati ya nyumba. Kenya waliyasikia, na sheria yao ya mwaka 2015 inampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi: mume asimguse mke, au ahame kwa muda, na akiivunja amri ndipo anapokabiliwa na kifungo kisichozidi mwaka 1, au faini isiyozidi shilingi 100,000 za kwao, au vyote viwili. Mwenye kumlinda mkewe kwa hiari haimgusi.

Mwakilishi wetu atakapokuja Fumba tumuulize mambo mawili. Kwanza, mwanamke wa hapa atapata wapi amri kama hiyo, kwa siku ngapi na kwa gharama gani? Pili, shahidi anayeacha ngalawa yake kwenda mahakamani, na kesi ikaahirishwa mara nne, nauli yake na kutwa yake analipwa na nani? Ajibu hapa hapa, mbele ya watu, na majibu yake yaandikwe.