Mtumishi Aliyetazama Bahari

Somo letu limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, kuanzia mstari wa 41. Eliya yuko juu ya mlima Karmeli, naye anamtuma mtumishi wake akatazame upande wa baharini.

Sisi wa Gachoka, katika nchi ya Mbeere, tunakaa mbali na bahari. Wengi wetu hatujaiona kamwe. Lakini mwanzoni mwa Mei 2024 tuliitazama mchana na usiku. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuua watu wengi nchini Kenya, na mabwawa ya Mto Tana yalikuwa yamejaa. Ndipo tukasikia kwamba kimbunga kilichoitwa Hidaya kinaelekea pwani ya Afrika Mashariki. Vijana wetu wa kanisa walipata katika simu zao picha za setilaiti, chombo kilicho juu ya Ikweta umbali wa kilomita 36,000 hivi. Tukayaona mawingu meupe yakizunguka kama mishale ya saa, na kila picha mpya yamesogea karibu zaidi na nchi kavu.

Ijumaa, tarehe 3, Serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule. Jioni ile, katika mkutano wa maombi, tuliwaonyesha watu picha. Tukasema dhoruba inakuja, kila mtu aokoe alicho nacho shambani.

Ndugu zangu, neno hilo halikutoka katika picha. Picha ilionyesha mawingu juu ya bahari, mbali sana nasi. Kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto. Kikiingia nchi kavu hupungukiwa nguvu upesi. Watabiri wa hali ya hewa walijua hivyo, wakawaonya hasa watu wa pwani juu ya upepo na mawimbi. Sisi tulitazama kidogo, tukaongeza hofu yetu, tukatangaza.

Jumamosi, tarehe 4, Hidaya ilifika Kisiwa cha Mafia, Tanzania, ikaishiwa nguvu. Vijana waliyaona mawingu yakitawanyika. Jumapili tulihubiri, tukasoma matangazo ya ndoa, wala hatukutaja kimbunga. Tuliona haya.

Jumatatu tulipita kwa mama mmoja mjane. Tulimkuta aking'oa ndengu zake, maganda yakiwa bado mabichi. Alikuwa ameanza Jumamosi alfajiri, na sasa ilibaki mistari michache. Tukamwambia, "Mama, tusamehe. Kimbunga kimekwisha tangu juzi."

Akaweka chini mzigo aliokuwa ameushika. Akasema, "Mchungaji, mlipojua kimepita, mbona mlininyamazia?"

Hatukuwa na jibu. Wiki ile kanisa lilimchangia chakula, lakini msimu wake haukurudi.

Mtazameni sasa mtumishi wa Eliya. Alipotazama bahari mara ya kwanza hakuona kitu, naye hakuona haya kusema hivyo. Alirudishwa mpaka mara saba. Alipoona wingu dogo kama mkono wa mtu, alilitaja kwa ukubwa wake uleule. Hakusema ni gharika. Kazi ya mlinzi ni kutaja hatari inapokuja, kuitaja kwa kadiri aliyoiona, na kutangaza usalama kwa sauti ileile hatari inapopita.

Basi, mtu asiseme maonyo ni bure. Mwaka 1872 kimbunga kiliupiga mji wa Zanzibar, kikaharibu majahazi na mashamba ya mikarafuu. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Hata Hidaya iliyokufa ilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Vijana wetu na waendelee kutazama, kwa maana ni kazi njema. Ila watazame tena na tena, na wawasikilize wenye ujuzi kabla ya kupiga mbiu.

Nawe, ndugu msikilizaji, je, kuna neno la hofu ulilompelekea jirani, kisha ukajua kwamba si kweli? Pengine ulisema juu ya ugonjwa wa mtu, au juu ya ndoa ya mtu. Usingoje lisahauliwe. Huenda hivi sasa yuko shambani anang'oa. Inuka leo, uende ukamwambie.

Na tuombe. Ee Bwana, mlinzi wetu usiyelala, utusamehe pale tulipowatia watu wako hofu, na pale tuliponyamaza kwa haya. Utupe macho ya kutazama mara saba, na kinywa cha kusema tulichoona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.