Zana za Upepo katika Karakana za Pwani: Kasoro Itafutwe Kabla ya Kipuri



Katika karakana nyingi kati ya Tegeta na Bagamoyo, spana ya upepo inapopoteza nguvu, jambo la kwanza kufanywa ni kuandika hati ya malipo. Mjumbe hupanda basi hadi Gerezani, Dar es Salaam, huzunguka madukani mchana kutwa, kisha hurudi jioni na kipuri ambacho ama hakiingii, ama kinaingia na zana ikabaki vile vile. Nauli imekwenda, fedha za chama zimekwenda, na trekta la mwanachama bado limelala juu ya magogo. Aghalabu kasoro haikuwa ndani ya zana hata kidogo.

Adui mkubwa wa zana hizi pwani ni maji. Hewa yenye joto la nyuzi 30, ikishiba unyevu, hubeba gramu zipatazo 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa ikibana mita 8 za ujazo za hewa hiyo ziingie katika nafasi ya mita moja, kisha hewa ikapoa tangini, nafasi hiyo haiwezi kushika zaidi ya zile gramu 30. Zinazosalia, gramu 200 na ushei, hugeuka maji. Maji hayo hutuama chini ya tangi, hufuata mpira, huosha mafuta ndani ya zana na kuacha kutu. Hivyo basi koki iliyo chini ya tangi yapasa kufunguliwa kila jioni, mpaka itoke hewa tupu. Ni kazi ya dakika chache isiyodai hata senti, nayo ndiyo isahauliwayo kuliko zote.

Kasoro itafutwe kwa kufuata njia ya hewa yenyewe: tangi, chujio, mpira, na zana mwishoni. Zana nyingi za karakana hutaka presha ya baa 6 hivi, yaani pauni 90 kwa inchi ya mraba. Geji isisomwe zana ikiwa imetulia, kwa maana wakati huo hata mpira ulioziba nusu huonyesha presha kamili. Ifungwe karibu na zana, kisha sindano itazamwe zana ikiwa kazini. Sindano hiyo ikianguka huku ile ya tangi imesimama, kizuizi kiko njiani: chujio limejaa uchafu, au mpira ni mwembamba au mrefu mno. Ile ya tangi nayo ikishuka upesi, kuna uvujaji, ambao povu la sabuni litauonyesha. Au ringi na vali za kompresa zimechoka. Au kompresa yenyewe ni ndogo kuliko kazi. Presha ikisimama imara na zana ikawa bado dhaifu, hapo tu ndipo pana sababu ya kuifungua.

Ndani ya spana ya upepo mna rota yenye vibapa vyembamba vinavyoteleza katika mifuo yake. Vibapa vikikwama kwa kutu au mafuta mazito, rota haizunguki. Kabla ya kununua chochote, zana itenganishwe na mpira, itiwe mafuta mepesi kidogo kupitia tundu la hewa, izungushwe kwa mkono, iachwe kwa muda, kisha ijaribiwe kwa presha ndogo. Mafuta yawe yale ya zana za upepo. Yakikosekana, ya cherehani hufaa kwa dharura. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hayakosekani, hayafai kabisa: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hewa inayotanuka ndani ya zana huipoza zana hiyo. Vivyo hivyo, oringi isichongwe kutoka mpira wa ndani wa tairi, kwani mpira huo ukilowa mafuta huvimba.

Ikithibitika kwamba kipuri chahitajika, katibu asiandike "beringi ya spana" na kuishia hapo. Beringi nyingi zina namba iliyochorwa ubavuni, na namba hiyo ni ile ile kwa watengenezaji wengi duniani. Beringi 6001, mathalani, ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje milimita 28 na unene milimita 8, hata iwe imetoka nchi gani. Basi duka lolote la beringi laweza kuwa nayo, ingawa mwenye duka hajapata kuiona spana yenyewe. Oringi huagizwa kwa kipenyo cha ndani na unene wa mpira wake. Vibapa hupimwa urefu, upana na unene, na hubadilishwa seti nzima.

Viungio vyataka uangalifu zaidi. Hesi ya bomba ya Kiingereza ya robo inchi ina meno 19 kwa inchi. Ya Kimarekani ina 18. Za nusu inchi zote mbili zina meno 14, lakini pembe za meno hazilingani. Kiungio huingia mizunguko kadhaa, fundi akaridhika, kisha hewa huvuja siku zote hata kwa tepu. Heri mjumbe achukue kiungio cha zamani mkononi, pamoja na karatasi ya vipimo na namba zilizo kwenye kibao cha zana. Kipuri kisipopatikana madukani, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, laweza kuulizwa kuhusu karakana zenye uwezo wa kukichonga.

Tangi lenyewe halimo katika hesabu hizi za kubana matumizi. Tangi lililoliwa na kutu kwa ndani hupasuka bila kutoa onyo, na chuma chake huua. Lisichomelewe kiraka kienyeji, vali yake ya usalama isifungwe kwa waya, wala bomba la plastiki la maji lisitumike kupitishia hewa. Ukaguzi wa matangi ya presha uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa Sheria ya mwaka 2003, na cheti cha ukaguzi chafaa kukaa katika jalada la katibu pamoja na risiti ya ununuzi. Chama kinachotaka kununua kompresa iliyokwisha tumika kiombe cheti hicho kabla ya kutaja bei.