CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE: HESHIMA KWA WAUGUZI NA WALIMU WAO

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, muuguzi mstaafu, katika mkusanyiko wa mwaka wa shule yetu, Temeke.)



Nilipopata barua ya Katibu ikiniomba niseme neno juu ya tuzo ambayo Chama chetu kinakusudia kuwapa wanafunzi na walimu wa uuguzi waliotoka katika shule hii, nilicheka peke yangu. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1980. Siku niliyowaambia wenzangu kwamba nimejaza uuguzi kuwa chaguo langu la kwanza, waliniuliza kama nitashonewa gauni. Jina la "Sista" likanifuata mpaka siku ya mwisho ya mtihani. Baadhi ya waliocheka wamo humu ndani, na naona leo wanatazama viatu vyao. Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu. Wengine wenu nimewachoma sindano, na kisasi changu nilikwisha kulipiza.

Nilipoanza kazi niliona ajabu nyingine. Wodini wagonjwa waliniita "daktari" kwa sababu tu mimi ni mwanamume. Dada aliyekuwa mkuu wangu wa zamu, aliyenizidi elimu na miaka kumi ya kazi, wao walimwita "nesi" na kumtuma maji. Hivyo shuleni nilinyimwa heshima niliyostahili, na kazini nikapewa isiyo yangu. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: watu hutoa heshima kwa kutazama sura, bila kuuliza nani amefanya nini.

Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu, nami naona leo ndiyo siku yake. Mwaka 1984 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho. Usiku mmoja tulikuwa wanafunzi wawili katika wodi ya wazazi, mimi na dada mmoja wa darasa langu. Umeme ulikatika. Mkunga wa zamu alikuwa chumba cha pili na mama aliyekuwa akitoka damu. Kwetu sisi akazaliwa mtoto asiyelia, mwili umelegea. Mimi nilishika taa ya chemli, na mkono wangu ulitetemeka. Yule dada akamkausha mtoto, akamsugua mgongo, akaona hapumui; akachukua mfuko wa kupulizia hewa, akamwekea barakoa usoni, akaanza kubonyeza huku akihesabu kwa sauti. Mtoto akalia.

Asubuhi alikuja mkubwa mmoja kukagua wodi. Dada yule alikuwa amekwenda kumsindikiza mama chumba cha upasuaji. Mkubwa akauliza, "Nani alikuwa na mtoto huyu?" Nikajibu, "Nilikuwapo mimi." Sikusema uongo, lakini niliishia hapo. Jina langu likaandikwa, na mwisho wa mwaka nikapewa cheti cha mwanafunzi bora wa kazi za wodini. Watu walipiga makofi. Dada yule naye alipiga.

Miaka mingi baadaye tulikutana. Yeye alikuwa amekuwa mwalimu wa uuguzi. Nikamwomba radhi juu ya cheti. Akaniambia, "Kaka, cheti sikukililia. Lakini katika taarifa ile jina langu halikuwapo kabisa. Niliitwa nikajieleze kwa nini nilitoroka zamu." Mimi sikuwa nimelijua hilo. Basi tangu siku hiyo naelewa kwamba kumpa mtu heshima ya mwenzake si kosa dogo la adabu. Mwenye haki huhesabiwa kuwa hakuwapo.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Kazi yetu ni kukitambua kilicho chema.

Duniani heshima za wauguzi hazikosekani. Ipo Medali ya Florence Nightingale, iliyoanzishwa mwaka 1912 na hutolewa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa wauguzi waliojitoa katika vita na maafa. Marekani, wanafunzi sita wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mwaka 1922 jumuiya ya heshima iitwayo Sigma Theta Tau, na jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upendo, ujasiri na heshima. Angalieni: walioianzisha walikuwa wanafunzi wenyewe. Hawakungoja wakubwa wawakumbuke.

Na hapa Afrika Mashariki tunayo mifano. Tarehe 12 Mei 2022, huko Dubai, muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit, Kenya, alipewa tuzo ya Aster Guardians yenye dola za Marekani 250,000. Pamoja na kazi yake ya hospitali, alikuwa amejenga shule kijijini kwao na kupiga vita ukeketaji na ndoa za utotoni. Kabla yake, shirika la AMREF lilimtanguliza mkunga Esther Madudu wa Uganda kuwa mgombea wa mfano wa Nobel ya Amani ya mwaka 2015, kwa niaba ya wakunga wote wa Afrika. Huyu alipata kuzalisha akina mama gizani kwa mwanga wa simu ya mkononi. Tuzo yenyewe ilikwenda Tunisia, lakini watu wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba mkunga wa kijijini anaweza kutajwa katika orodha ya namna hiyo.

Hapa kwetu tunazo siku mbili katika mwezi mmoja. Mei Mosi hutajwa wafanyakazi bora. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Ni mambo mazuri. Lakini mshumaa huzimwa jioni, na asubuhi muuguzi wa Temeke, Mwananyamala au Mbagala Rangi Tatu hurudi kwenye msururu uleule wa akina mama.

Nitoe mfano mmoja wa kazi isiyo na jina. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa Tanzania walifundishwa mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Hakukuwa na mitambo ya bei kubwa. Walifundishwa mambo yale yale ya dada yule wa mwaka 1984: kausha, sugua, na mtoto asipopumua mpe hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika hiyo wameiita Dakika ya Dhahabu. Matokeo ya hospitali 8 yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Majina ya watafiti yameandikwa, na wanastahili. Lakini nani anayajua majina ya wakunga waliobonyeza mifuko ile, au ya walimu waliosimama nyuma yao wakirekebisha vidole?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono tuzo hii, nami naomba mambo matatu.

Kwanza, jina litoke wodini. Wasipendekeze wale wanaopita asubuhi tu. Waulizwe waliokuwa zamu moja naye, na zamu nzima itajwe, hata aliyeshika taa. Lakini aliyeshika taa aandikwe kuwa alishika taa.

Pili, mwanafunzi asitunzwe peke yake. Atajwe pia mwalimu aliyemfundisha kwa vitendo, awe wa Muhimbili, wa Mikocheni katika chuo kinachobeba jina la Profesa Hubert Kairuki, au wa chuo chochote cha mkoani. Mwalimu wa darasani huonekana katika matokeo ya mtihani. Mwalimu wa wodini huonekana katika mikono ya mwanafunzi wake, na mikono haina cheti.

Tatu, tuzo yenyewe isiwe kikombe cha kuwekwa kabatini. Iwe saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Kwa saa hiyo muuguzi atahesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa na pumzi za mtoto, na dakika ile ya dhahabu hataikisia.

Nanyi vijana, neno langu ni fupi. Mmoja wenu akisema kesho kwamba anataka kuwa muuguzi, msimcheke. Mnaweza kumchagua baba yenu wa ubatizo au shehe wenu, lakini mtu atakayekuwa macho saa tisa usiku nyinyi mkiwa kitandani hamtamchagua. Mwombeeni asome vizuri.

Mcheza kwao hutunzwa. Hapa ni kwetu, na saa ya kwanza naichangia mimi. Naomba apewe mwanafunzi atakayependekezwa na yule dada, ambaye amestaafu naye. Na cheti kile cha mwaka 1984 nimekuja nacho. Ninamkabidhi Katibu, pamoja na barua niliyoiandika kwa mkono wangu ikieleza nani alibonyeza na nani alishika taa, ili vyote viwili vifike kwa mwenyewe.