Maji ya Mvua Yahitaji Nafasi: Funzo Kutoka kwa Biva

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata kuelekea msimu wa masika



Mji unapokua, ardhi hufunikwa. Palipokuwa na majani huwekwa paa la bati, na palipokuwa na udongo humwagwa zege. Mvua ileile iliyokuwa ikinywewa na ardhi taratibu sasa hushuka bondeni kwa muda mfupi, ikiwa na nguvu ya kubomoa kuta. Kwa miaka mingi miji imechimba mifereji iliyonyooka ili maji yaondoke upesi. Lakini maji yanayoharakishwa mtaa wa juu hufika kwa kishindo mtaa wa chini.

Yupo mnyama afanyaye kinyume chake. Biva ni mgugunaji wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, mwenye mkia bapa na meno yawezayo kuangusha mti. Huziba kijito kwa matawi, mawe na tope ili apate kina cha kuficha mlango wa makao yake. Kizuizi hicho huvuja. Mvua kubwa inaponyesha, maji hutanda nyuma yake, kisha hutoka kidogo kidogo, na tope hutuama chini.

Mwezi Oktoba 2023, familia ya biva watano iliachiliwa katika eneo la Paradise Fields, Greenford, magharibi mwa London. Wanyama hao walikuwa wametoweka Uingereza takriban miaka 400 iliyopita kwa kuwindwa. Eneo lilizungushiwa uzio, na mojawapo ya malengo ni kupunguza mafuriko katika mitaa ya jirani.

Hata hivyo, biva huleta pia hofu. Mwaka 2007, katika mji wa Martinez, California, nchini Marekani, walijenga kizuizi katika kijito cha Alhambra kipitacho katikati ya mji. Mji huo ulikwisha kuonja mafuriko, hivyo hofu ya wenye maduka ilikuwa na msingi. Uongozi wa mji ulikusudia kuwaondoa. Wakazi walifika mkutanoni kwa wingi, wakataka njia nyingine, nayo ikapatikana: bomba lilipitishwa ndani ya kizuizi ili kimo cha maji kisizidi kiasi. Biva wakabaki.

Tanzania haina biva wa porini, wala haina haja ya kuwaleta. Kinachohusu kila kata ni kazi yao. Matete ya bondeni hupunguza mwendo wa maji. Yakifyekwa ili kupata kiwanja, nyumba hiyo imejengwa njiani mwa maji. Taka zitupwazo mferejini nazo huziba, lakini mahali ambapo maji hayana nafasi ya kutanda isipokuwa vyumbani mwa watu.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja aache sehemu ya ua bila kusakafiwa, na akinge maji ya paa katika tangi. Mwenye nia ya kujenga bondeni aulize kwanza ofisi ya kata. Na wakazi wa mtaa wa juu na wa chini wakutane kabla ya masika, kwa sababu mfereji wao ni mmoja, na atakayeumia kwa uzembe wa juu ni jirani aliye chini.