Figo Zako Hazilali: Mazungumzo na Wanafunzi wa Mbebe, Ileje

Haya, naanza na swali. Mkojo unatengenezwa wapi? Nasikia huko nyuma wanasema kwenye kibofu. Hapana jamani! Kibofu ni ghala tu. Kiwanda ni figo.

Unazo mbili, kila moja kama ngumi yako, zimekaa upande wa mgongo, usawa wa mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, vinavyoitwa nefroni. Kwa siku vinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Piga hesabu: ndoo 9 za lita 20! Lakini wewe unakojoa lita 1 au 2 tu. Mengine yameenda wapi? Yamerudishwa kwenye damu, pamoja na sukari na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Kinachotupwa ni takataka, kama urea, na kile kilichozidi.

Hiyo ndiyo kazi ya mizani. Umelima juani, jasho limekutoka. Maji ya damu yamepungua. Ubongo unatoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, na mkojo unakuwa kidogo, wa njano iliyokolea. Asubuhi ya baridi umekunywa vikombe vitatu vya chai? Homoni inapungua, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Figo hupima pia potasiamu, maana ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Hupunguza asidi, husaidia kurekebisha presha, na huagiza seli nyekundu za damu zitengenezwe. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi hupungukiwa damu.

Ubaya ni kwamba figo hazipigi kelele mapema. Zinaweza kuharibika sana mtu akiwa bado anacheza mpira. Kisukari na presha ndivyo vinavyoongoza kuziharibu, lakini na sisi vijana tuna mambo yetu.

Kwanza, dawa za maumivu. Mgongo unauma, unakimbilia diklofenaki kila siku bila kuuliza mtu. Dawa hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na ukiwa umekaukiwa maji hatari inazidi.

Pili, wapo wasiokunywa maji kutwa nzima kwa kuogopa choo cha shule. Kubana mkojo kila siku hurahisisha maambukizi, nayo yanaweza kupanda mpaka kwenye figo. Choo kikiwa kibovu tuseme, tusinyamaze.

Tatu, mkojo wenye damu. Kaka zangu, hiyo siyo dalili ya kukua! Inaweza kuwa kichocho, na kichocho kina dawa. Kikiachwa, huziba njia ya mkojo na kuumiza figo.

Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Ukiwa Mbebe, hebu fikiria nauli tu! Kupandikiza figo kulianza nchini mwaka 2017 Muhimbili, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ni hatua kubwa, lakini lazima apatikane ndugu wa kukutolea figo yake.

Kwa hiyo ukivimba uso au miguu, mkojo ukipungua sana au ukiwa na damu, usione haya. Nenda zahanati, upimwe mkojo na presha. Haya, nani ana swali?